TARUMBETA NA MWENYE KULILIPIA: LOUIS ARMSTRONG KATIKA MIZANI YA SIASA

Swali lililoulizwa Rugu

Katika semina moja ya siasa tuliyoiendesha kata ya Rugu, wilayani Karagwe, mada ya siku ile ilikuwa Utamaduni na Ukombozi. Tulieleza, kama inavyoelezwa siku zote katika mada hiyo, kwamba msanii ni sauti ya tabaka fulani na kwamba hakuna wimbo usiokuwa na upande. Wanasemina walitikisa vichwa kukubali. Ndipo akasimama kijana mmoja, mkulima wa kahawa, ambaye siku za harusi hupiga tarumbeta katika kikundi. Akasema: "Mkufunzi, mimi nimewahi kupiga tarumbeta kwenye mkutano tangu asubuhi. Mgeni alipoondoka, aliyetukodi naye akaondoka. Tulirudi kwa miguu. Sasa nieleze, siku ile tarumbeta langu lilikuwa la tabaka gani?"

Hakumtaja aliyemkodi, nasi hatukumwuliza. Watu walicheka, lakini mzee mmoja aliyekaa nyuma hakucheka. Alitukumbusha kwamba katika nchi hizi za Maziwa Makuu, tangu Bunyoro hadi huku, falme zilikuwa na pembe zao za makondere, na pembe hizo hazikulia hovyo. Zililia mtawala anapotoka na anapoingia. Aliyepuliza hakuwa mtawala, wala hakuwa na sauti katika baraza, lakini bila pumzi yake utawala usingesikika. Tunaweza kuongeza kwamba pwani nako hali ilikuwa hiyo hiyo: siwa za Lamu na Pate zilikuwa alama ya mamlaka, na mpulizaji alikuwa mtu wa kuitwa.

Hatukuweza kumjibu kijana yule kwa sentensi moja. Makala haya ni jibu letu kwake, na kwa makada na wanafunzi wengine wenye swali la namna hiyo. Tumechagua kulijibu kwa kuchambua maisha na kazi ya mpiga tarumbeta mmoja aliyejulikana kuliko wote duniani, Mmarekani mweusi Louis Armstrong. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyelifanya neno jazz lifike mbali kiasi kwamba bendi zetu zilijiita Jazz hata zilipokuwa zikipiga rumba. Pili, mnamo Novemba 1960 tarumbeta lake lililia katika mji unaosema Kiswahili, Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, katika saa mbaya kuliko zote za historia ya Kongo. Hapo ndipo swali la Rugu linapokuwa zito.

Mtoto wa wanyonge

Armstrong alizaliwa New Orleans, kusini mwa Marekani, tarehe 4 Agosti 1901, katika kizazi cha wajukuu wa watumwa. Utumwa ulikuwa umefutwa katika sheria lakini haukufutwa katika mashamba, mishahara, shule wala mahakama. Baba aliitelekeza familia. Mama alifanya kazi za kijungujiku. Mtoto aliuza makaa na kuokota vyuma chakavu akiwa na familia ya Wayahudi wahamiaji kutoka Lithuania, na ndio waliomsaidia kupata pembe yake ya kwanza. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani kushangilia mwaka mpya. Akakamatwa na kupelekwa katika nyumba ya kurekebisha watoto weusi. Humo ndani kulikuwa na bendi ya matarumbeta, na humo alifundishwa kupuliza kwa utaratibu.

Hapa pana jambo la kufikiri. Nyumba ile haikujengwa ili kutoa wasanii. Ilijengwa ili kuwatia adabu watoto wa maskini, na bendi yake ilikuwa sehemu ya nidhamu hiyo. Hata hivyo chombo kilichotolewa kwa ajili ya kutii kiligeuka kuwa chombo cha kusema. Wakoloni walipotuletea bendi za polisi na za misheni hawakutaka dansi. Walitaka gwaride na tenzi za kanisani. Vijana wetu walizichukua pembe zile na ngoma zile wakaenda nazo kwenye kumbi za miji. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Mwenye chombo anaweza kuamua kitolewe lini, lakini si rahisi kwake kuamua kitasema nini.

Mwaka 1922 Armstrong alipanda treni kwenda Chicago, kuitikia wito wa mwalimu wake Joe Oliver. Hakuwa peke yake. Maelfu kwa maelfu ya watu weusi walikuwa wakiyakimbia mashamba ya kusini na mauaji ya kunyongwa hadharani, kwenda kuuza nguvu zao katika viwanda na machinjio ya kaskazini. Muziki wa jazz ulisafiri pamoja na wafanyakazi hao. Asiyeona uhamaji huo ataudhani muziki huu ni starehe tu.

Alichokifanya katika muziki

Mhakiki wa siasa huwa na haraka ya kuuliza msanii alisema nini, akasahau kuuliza alifanya nini katika kazi yake. Hilo ni kosa. Fundi wa kiwanda hupimwa kwanza kwa kazi ya mikono yake.

Kati ya 1925 na 1928 Armstrong alirekodi huko Chicago sahani za santuri akiwa na vikundi vidogo, cha watu watano na kisha cha watu saba. Kabla yake, bendi za New Orleans zilipiga kwa pamoja: tarumbeta, klarineti na tromboni zilisukana kwa wakati mmoja kama wanawake wanaosuka mkeka mmoja. Armstrong hakuuvunja ushirika huo, ila alifungua nafasi ndani yake. Mmoja atoke mbele, aseme neno lake kwa ukamilifu, wenzake wamshike nyuma, kisha arudi. Katika "West End Blues" ya mwaka 1928 anaanza peke yake, bila ngoma wala kinanda, na kwa sekunde chache tu tarumbeta linapanda, linashuka na kugeuka mpaka msikilizaji hajui litatua wapi. Linapotua, bendi nzima iko tayari kulipokea.

Wako waliosema huu ni ubinafsi wa Kimarekani ulioingia katika muziki. Hatukubaliani nao. Ubinafsi ni pale mmoja anapojitenga na wenzake au kuishi kwa jasho lao. Huyu anatoka mbele kwa sababu wenzake wamemshika, na akimaliza anampisha mwingine. Msikilizaji wa Karagwe aliyewahi kumsikia mpiga nanga akitoa masimulizi, hadhira ikimwitikia, hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Sauti ya mtu mmoja inaweza kukua ndani ya umoja bila kuumeza umoja. Ujamaa wa kweli haukudai kamwe kwamba watu wote wapige noti moja.

Upo pia upande wa pili wa kazi yake, nao ndio uliowaudhi vijana weusi wa Marekani waliomfuata. Armstrong alicheka sana jukwaani. Alitoa meno, akazungusha macho, akafuta jasho kwa leso nyeupe, na katika filamu alikubali kuigiza mtumishi na mchekeshaji. Mwaka 1949 alijipaka rangi usoni katika sherehe za New Orleans na kuwa Mfalme wa Wazulu, mzaha uliowatia aibu wengi. Meneja wake tangu 1935, mzungu Joe Glaser, aliyetokea katika dunia ya vilabu vya majambazi wa Chicago, alishika mikataba, ratiba na fedha. Armstrong alipuliza, Glaser alihesabu. Huu ndio uhusiano wa mfanyakazi na tajiri, hata kama mfanyakazi huyo alivaa suti nzuri na kuishi vizuri, na hata kama yeye mwenyewe alimwita tajiri wake rafiki.

Lakini kicheko chake kisichukuliwe kijuujuu. Mtu yule yule alirekodi mwaka 1929 wimbo wa "Black and Blue", unaolalamikia adhabu ya kuzaliwa na ngozi nyeusi, na aliendelea kuupiga maisha yake yote. Alipofika Accra mwezi Mei 1956, kabla Ghana haijapata uhuru, aliupiga mbele ya Kwame Nkrumah. Kicheko kilikuwa ngao ya watu waliojua kwamba uso usiocheka mbele ya mzungu ungeweza kugharimu maisha. Sisi tusiowahi kuishi chini ya hofu hiyo tusiwe wepesi wa kumdharau aliyeishi chini yake. Tuseme tu kwamba ngao ikivaliwa muda mrefu mno huweza kumzoeza adui kuiona kama uso wenyewe.

Balozi asiyekuwa na haki nyumbani

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Marekani ilikuwa na tatizo. Ilijitangaza kuwa mlinzi wa uhuru duniani, huku magazeti ya dunia yakichapisha picha za watu weusi wake wakipigwa na kutengwa. Nchi za Asia na Afrika zilikuwa zinajikomboa, nazo zilisoma magazeti hayo. Kuanzia 1956 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliamua kutuma nje wanamuziki wa jazz. Hesabu ilikuwa rahisi: dunia ikimwona mtu mweusi akishangiliwa, itasahau mtu mweusi anayepigwa.

Hesabu hiyo iliharibika mwezi Septemba 1957. Huko Little Rock, jimbo la Arkansas, gavana alitumia askari kuwazuia watoto tisa weusi wasiingie katika shule ya wazungu, na Rais Eisenhower akasita kuchukua hatua. Armstrong alikuwa ameandaliwa safari ya Urusi ya Kisovieti kwa niaba ya serikali. Akiwa katika chumba cha hoteli huko North Dakota alimwambia mwandishi kijana wa gazeti kwamba Rais hana ujasiri, kwamba serikali inayowatendea watu wake hivyo iende motoni, na kwamba yeye haendi Urusi. Maneno hayo yalienea dunia nzima. Wakati huo wasanii wengi wakubwa, weusi kwa weupe, walikuwa kimya. Walitaka maonyesho yake yasusiwe, na yeye hakuyafuta maneno yake. Siku chache baadaye Eisenhower alipeleka jeshi kuwasindikiza watoto wale darasani. Hatusemi kwamba tarumbeta ndilo lililopeleka jeshi. Tunasema kwamba mtu aliyedhaniwa kuwa kicheko kitupu alionyesha kwamba pumzi yake haikuuzwa pamoja na tiketi.

Jimbo lake la kuzaliwa la Louisiana lilipopitisha sheria mwaka 1956 ya kuwakataza weusi na weupe kupiga muziki pamoja, alikataa kupiga New Orleans, na hakurudi kupiga huko mpaka 1965, baada ya sheria za ubaguzi kuvunjwa.

Elisabethville, Novemba 1960

Sasa tunafika mahali pagumu. Mwaka 1960 Armstrong alikubali safari ndefu ya Afrika iliyogharimiwa kwa pamoja na kampuni ya vinywaji ya Pepsi-Cola na serikali ya Marekani. Alianzia Ghana na Nigeria. Tarehe 28 Oktoba alifika Leopoldville, leo Kinshasa, na umati ukambeba juu ya kiti kama mtawala. Mwezi uliofuata alipelekwa Elisabethville, makao makuu ya Katanga.

Kada anayesoma habari hii akumbuke tarehe. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kuitenga Katanga, akisaidiwa na Wabelgiji na kampuni ya madini ya Union Minière, kwa sababu Katanga ndiyo iliyokuwa na shaba, kobalti na urani. Tarehe 5 Septemba Waziri Mkuu Patrice Lumumba alitangazwa kufukuzwa kazi. Tarehe 14 Septemba Mobutu alishika madaraka. Mwezi huo huo shirika la ujasusi la Marekani lilimfikishia mkuu wake wa kituo Leopoldville sumu ya kumwulia Lumumba. Jambo hilo lilithibitishwa na kamati ya Baraza la Seneti la Marekani lenyewe mwaka 1975. Sumu haikutumika, maana zilipatikana njia nyingine.

Wakati Armstrong anashangiliwa Leopoldville, Lumumba alikuwa amefungiwa nyumbani kwake katika mji ule ule, amezungukwa na askari. Serikali ya Marekani ilikuwa haijaitambua rasmi Katanga, kwa hiyo viongozi wake hawakuweza kwenda kwa Tshombe waziwazi wapendavyo. Lakini msanii mkubwa anapokwenda, balozi humsindikiza, na watu wa balozi humsindikiza balozi. Uchunguzi wa miaka ya karibuni, ukiwemo ule wa mwanahistoria Susan Williams uliotoka mwaka 2021, umeonyesha kwamba Larry Devlin, mkuu wa majasusi wa Marekani katika Kongo, alikuwa karibu na msafara huo, na kwamba ziara ya muziki iliwapa maofisa hao nafasi ya kukutana na watu wa Katanga. Mwaka 2024 mtengeneza filamu Mbelgiji Johan Grimonprez aliyaweka mambo haya pamoja katika filamu ndefu, jazz upande mmoja na mapinduzi upande wa pili, na watu wengi ndipo walipoyasikia kwa mara ya kwanza.

Tarehe 27 Novemba Lumumba alitoroka. Alikamatwa mwanzoni mwa Desemba. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga, akauawa usiku ule pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, si mbali na mji ambao tarumbeta lilikuwa limelia wiki chache tu kabla. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika mauaji hayo. Mwaka 2022 jino lake moja, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudishwa nyumbani.

Imesimuliwa kwa miaka mingi kwamba Armstrong alipofika Kongo vita vilisimama kwa siku moja ili pande zote zimsikilize. Ni hadithi tamu, na wapenzi wa muziki huirudia kama ushahidi wa nguvu ya sanaa. Sisi tunaichukua kama mfano wa hadithi inayopaswa kuogopwa. Tuseme bunduki zilinyamaza siku moja: je, mpango wa kumwua Lumumba ulinyamaza? Treni za madini zilisimama? Amani ya saa chache ndani ya uwanja ilifunika vita vilivyokuwa vinaendelea ndani ya ofisi. Ubeberu hautumii muziki kwa sababu unaupenda. Unautumia kwa sababu mtu anayeshangilia hatazami mlango wa nyuma.

Je, Armstrong alijua? Hatujaona ushahidi kwamba alijua. Devlin hakujitambulisha kwa wageni kwa cheo chake cha kweli. Tunaamini mpiga tarumbeta alidhani amewaletea furaha watu wa asili yake, na furaha hiyo aliileta kweli. Lakini kutokujua hakufuti kutumiwa. Kunabadilisha tu kiasi cha lawama.

Tarumbeta la pili

Kama tungeishia hapo, hukumu ingekuwa nyepesi. Lakini liko tarumbeta la pili.

Katika Johannesburg, padri Mwingereza Trevor Huddleston aliyepinga ubaguzi alikuwa ameanzisha bendi ya wanafunzi weusi. Makaburu walikuwa wameanza kuubomoa mtaa wa Sophiatown mwezi Februari 1955, na Huddleston aliitwa kurudi Uingereza. Akiwa ziarani Marekani mwaka 1956 alikutana na Armstrong, akamweleza habari za watoto wale. Armstrong akatoa tarumbeta lake mwenyewe likapelekwa Johannesburg. Katika bendi ile alikuwamo kijana wa miaka kumi na saba, Hugh Masekela. Huddleston tunamfahamu wenyewe, kwani alikuwa Askofu wa Masasi tangu 1960 hadi 1968. Masekela aliondoka Afrika Kusini mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville ya tarehe 21 Machi ambapo polisi waliua watu 69. Aliishi uhamishoni miaka thelathini. Mwaka 1987 alitoa wimbo wa kudai Nelson Mandela afunguliwe, na wimbo huo uliimbwa katika mikutano ya kupinga ubaguzi dunia nzima. Alifariki tarehe 23 Januari 2018, katika nchi iliyokwisha kuwa huru.

Tarumbeta la Johannesburg halikugharimiwa na wizara wala kampuni ya soda. Lilitoka kwa mtu kwenda kwa watoto asiowajua. Hakukuwa na jukwaa, balozi wala picha za kupangwa. Nalo ndilo lililokwenda mbali zaidi.

Na jazz yenyewe haikuwa na upande mmoja. Tarehe 15 Februari 1961, habari za kifo cha Lumumba zilipotangazwa, Wamarekani weusi wapatao sitini waliingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa huko New York, wakavuruga kikao kwa kilio na makelele ya kupinga. Kati yao walikuwamo mpiga ngoma Max Roach na mwimbaji Abbey Lincoln, wote watu wa jazz. Mwaka huo huo Armstrong mwenyewe alirekodi pamoja na Dave na Iola Brubeck mchezo wa nyimbo uliozikejeli safari hizo hizo za kibalozi, mchezo ambao ndani yake mpiga tarumbeta mweusi anahoji ubalozi wa mtu asiye na haki nyumbani kwake. Mwaka 1965, polisi walipowapiga waandamanaji wa Selma, alisema akiwa Copenhagen kwamba hata Yesu wangempiga kama angekuwa mweusi na akaandamana. Alikufa New York tarehe 6 Julai 1971.

Makosa mawili ya uchambuzi

Katika madarasa yetu tumekutana na makosa mawili kuhusu watu wa namna hii.

Kosa la kwanza ni la waabudu sanaa. Hawa husema muziki hauna mipaka, msanii hana siasa, tuache tufurahie. Elisabethville inawajibu. Msanii asiyeuliza ukumbi unafunika nini hujikuta amekuwa pazia.

Kosa la pili ni la makada wenye pupa. Hawa wakisikia msanii alilipwa na adui, humtupa yeye na kazi yake yote: kibaraka, basi. Hawa nao wanajibiwa na Johannesburg na Little Rock. Kwa kipimo chao tungeitupa "West End Blues" jalalani, na tusingeweza kueleza kwa nini mtu aliyetumiwa na ubeberu mwezi Novemba 1960 alikuwa amekwisha kumpa silaha mpiganaji wa uhuru mwaka 1956. Uchambuzi unaoshindwa kueleza maisha ya mtu mmoja utaelezaje maisha ya umma?

Sisi tunapendekeza maswali matatu, yaulizwe yote, wala lolote lisimeze mengine. Nani amelipa? Pumzi ni ya nani, yaani ni maisha ya watu gani yanayosikika katika sauti ile? Na ukumbi unafunika nini? Katika Elisabethville aliyelipa alikuwa beberu, pumzi ilikuwa ya wajukuu wa watumwa, na ukumbi ulifunika njama ya mauaji. Majibu yote matatu ni ya kweli kwa wakati mmoja. Anayelipa hununua saa na mahali. Hanunui maana. Lakini saa na mahali vinatosha kufanya madhara makubwa, na ndiyo sababu hatuwezi kumwachia msanii peke yake kazi ya kuyauliza maswali haya. Ni kazi ya wote wanaoingia ukumbini.

Na sisi je?

Ingekuwa rahisi kumaliza kwa kuwalaani mabeberu. Swali la Rugu haliruhusu. Kijana yule hakukodiwa na Pepsi-Cola.

Nchi yetu ilichagua njia yake. Mwaka 1962 Mwalimu alipounda wizara ya utamaduni alieleza kwamba dhambi kubwa ya ukoloni ilikuwa kutufanya tuamini hatuna utamaduni wetu. Bendi zikawekwa chini ya vyombo vya umma: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi mwaka 1964, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana wa TANU mwaka 1971, na nyingine za majeshi na mashirika. Mwanamuziki alipata mshahara, na ala zilikuwa mali ya umma. Ilikuwa hatua kubwa. Ilimtoa msanii katika makucha ya kina Glaser. Nyimbo za miaka ile zilieleza Azimio la Arusha, kilimo na vita vya ukombozi, lakini zilieleza pia mapenzi, fitina za mtaani na mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Zilidumu kwa sababu zilibeba vyote hivyo, maana pumzi ilikuwa ya watu wenyewe.

Hata hivyo tukiri udhaifu. Mwenye ala alikuwa na uwezo wa kuzinyang'anya. Wanamuziki wengi walihama bendi kwa bendi wakitafuta nafuu. Nyimbo zao zilipigwa redioni miaka na miaka, na wengi wao walizeeka bila mirabaha. Ala zilipochakaa katika shida za miaka ya 1980, hazikupatikana nyingine kwa urahisi. Tulijenga umiliki wa umma wa tarumbeta, lakini hatukumalizia kazi ya kumheshimu mpulizaji.

Na katika miaka hii ya vyama vingi tumeona jambo jingine. Msanii hukodiwa kwa ajili ya kampeni, hujaza uwanja, hulipwa au hulipwa nusu, kisha husahauliwa mpaka uchaguzi mwingine. Vyama vyote hufanya hivyo, na si haki kada wa Chama hiki ajifariji kwa hilo. Tunaponunua saa na mahali tu, tunafanya hesabu ile ile ya Washington ya mwaka 1956: watu washangilie, wasahau walichotaka kuuliza. Uwanja ukijaa kwa ajili ya tarumbeta, kiongozi asidhani umejaa kwa ajili yake. Wala asitumie kelele za tarumbeta kukwepa swali la bei ya kahawa.

Jibu letu kwa kijana wa Rugu basi ni hili. Ndugu, siku ile pumzi yako ilikuwa ya tabaka lako, tabaka la wakulima, kwa sababu haiwezi kuwa ya mwingine. Lakini saa yako ilikuwa imechukuliwa na mtu aliyekutumia kama makondere yalivyotumiwa: kutangaza kuingia na kutoka kwa mkubwa. Aliyekuacha urudi kwa miguu alionyesha msimamo wake waziwazi kuliko hotuba yoyote iliyosomwa pale. Mdai haki yako bila kuona haya, na kikundi chenu kisikubali kwenda popote bila makubaliano ya maandishi. Na mara nyingine ukialikwa kupiga, iwe na sisi au na wengine, uliza kabla ya kupuliza: humu ndani kuna jambo gani linaloamuliwa wakati watu wananisikiliza mimi?

Nasi makada tuna wajibu mmoja ulio mwepesi kuusema na mgumu kuutenda. Wakati wa shangwe, tugeuze macho tutazame mlango wa nyuma. Na shughuli ikiisha, tuhakikishe kwamba mpiga tarumbeta amelipwa, amekula, na ana usafiri wa kumrudisha kwake.